Ng'ombe wa Mkwe Wangu

Mama mkwe alipohamia kwetu Pongwe nilidhani mwenye kuona haya ni mimi peke yangu. Ukuta mmoja wa nyumba yake ya Maramba ulikuwa umeanguka kwa mvua za masika, na wanawe wa kiume walikuwa mbali, kila mmoja na udhuru wake. Mke wangu, kitinda mimba wake, ndiye aliyekwenda kumchukua. Walifika mchana mimi nikiwa kazini. Niliporudi jioni nikakuta kinu kigeni kimesimama uani, nikajua kwamba amekubali kukaa.

Asiyetoka huku huenda asielewe uzito wa jambo lenyewe. Mtu na mama mkwe wake hawaishi hivi hivi kama watu wengine. Simtazami usoni. Sikai alipokaa, sili anapokula, na jina lake silitamki hata akiwa hayupo. Yeye naye hanipiti mbele. Tukikutana njiani hujisogeza pembeni, akajitanda kanga vizuri na kusubiri nipite. Heshima hiyo si mzigo kwa watu wanaoonana Idi hadi Idi. Lakini nyumba yetu ina vyumba viwili, sebule, ua na choo kimoja. Asubuhi nikitaka kutoka uani nilikohoa kwanza. Nikisikia yeye anakohoa, nilirudi chumbani nikajifanya natafuta saa. Mke wangu alikuwa akitucheka.

"Mnakohoana kama wagonjwa wa kifua," alisema.

Salamu tulipeana ukuta ukiwa katikati. Mimi hutoa shikamoo yangu, yeye huitikia marahaba na kuniita baba, akaniuliza nimeamkaje, nami nikamwambia salama. Yakaishia hapo mpaka kesho yake.

Kilichonitia haya zaidi ni ng'ombe. Mimi ni mtoto wa mkata mkonge. Baba yangu alikuja kutoka mbali kufanya kazi shambani, akazeeka kambini na akafia hukohuko, na nilipokwenda kuposa sikuwa na cha kutoa zaidi ya ufundi wangu wa kuchomelea vyuma. Mahari niliitoa kwa kuungaunga. Baada ya mtoto wetu wa kwanza kuzaliwa, mama mkwe akaagiza mtamba wake mmoja, chotara wa maziwa, aletwe kwetu ili mjukuu apate cha kunywa. Mtamba yule akakua, akazaa, akawa ng'ombe anayejulikana mtaa mzima kwa maziwa yake. Watu walinisifu kwa kuwa na ng'ombe mzuri. Sikuwa nikiwaambia ametoka kwa nani. Kwa desturi zetu ni mwanamume anayepeleka ng'ombe kwa wakwe.

Sasa mwenye ng'ombe alikuwa amekuja kukaa naye uani, na ilionekana wazi kwamba mnyama yule anamkumbuka. Mama mkwe akipita karibu na banda, ng'ombe aliacha kula akamfuata kwa shingo mpaka kamba ikakaza. Yeye alimsugua katikati ya pembe na kumsemesha kwa Kibondei, taratibu, maneno mengi kuliko aliyowahi kunisemesha mimi.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Majani ya tembo niliyoyapanda nyuma ya nyumba yalikauka yakawa kama fito, nikawa naendesha baiskeli hadi kando ya mashamba ya mkonge kutafuta chochote cha kijani. Pumba zilipanda bei. Ng'ombe alikuwa na mimba kubwa na maziwa yalikuwa yamekaribia kukauka, kama inavyokuwa. Mke wangu alikuwa akimkamua asubuhi anapata kikombe cha chai ya watu wa nyumbani tu.

Mwishoni mwa kiangazi hicho mama wa dukani akamwoza binti yake. Duka lao linatazamana na nyumba yetu. Ni Waislamu wa asili ya Kihindi, babu yao ndiye aliyelifungua, na Kiswahili chao cha Tanga ni safi kuliko changu mimi niliyelelewa kambini kwenye lugha kumi. Siku mbili kabla ya harusi alivuka barabara kuja kutualika, akamwona ng'ombe amesimama bandani na tumbo lake la mimba, akasema kwa sauti, "Huyu ng'ombe wenu kanawiri jamani, kuliko bibi harusi wangu." Tulicheka. Baadaye mke wangu aliniuliza kama nimesikia kwamba hakusema mashaallah. Nikamwambia aache mambo hayo.

Harusi ilikuwa kubwa. Wapishi walipanga masufuria uani kwa mama wa dukani, yale ya kukorogwa kwa mwiko mrefu mtu akiwa amesimama. Lakini wageni wao wa Mombasa walikwama mpakani kwa sababu ya karatasi za gari, wakafika wachache tu tena wamechelewa. Pilau ikabaki nyingi mno. Watu walipewa, wakapewa tena, na kesho yake bado ilikuwapo, imeanza kuchacha kwa joto.

Asubuhi iliyofuata nikakuta ng'ombe ameharibika.

Nasema ameharibika kwa sababu sikujua neno jingine. Alikuwa amesimama miguu imepanuka, kichwa chini, na alikuwa akisaga meno, sauti ambayo ukishaisikia kwa ng'ombe huisahau kwa shida. Ubavu wa kushoto ulikuwa umejaa ukawa sawa na mgongo. Macho yalikuwa yamezama. Hakuwa akicheua. Kinyesi chake kilikuwa maji ya kijivu, kina harufu kali ya kitu kilichochachuka, na nilipomvuta kamba atembee aliyumba kama mlevi, akajigonga kwenye nguzo. Kila baada ya muda aliinua mguu wa nyuma akajipiga tumboni.

Nilimwita mke wangu. Akaja, akatazama, akashika kichwa. Mama mkwe alitokea mlango wa jikoni, kanga ameiziba mdomoni, akabaki palepale.

"Mama anasemaje?" nikamuuliza mke wangu kwa chini. Nilijua yule mzee amefuga maisha yake yote.

"Hasemi kitu. Analia."

Nikapiga simu kwa daktari wa mifugo. Mke wangu akaenda bombani kuchota maji, na huko, kwa uchungu wake, akasema aliyoyasema. Alisema ng'ombe katiwa jicho. Hakutaja mtu, ila alitaja maneno yenyewe, yale ya ng'ombe kunawiri kuliko bibi harusi, na hakukuwa na aliyehitaji kuambiwa ni ya nani. Kabla ndoo yake haijajaa, maneno yalikuwa yameshavuka barabara.

Daktari alikuja na pikipiki, mwanamke wa makamo, amevaa mabuti na koti la kijani lililopauka. Majirani walikuwa wameshaanza kukusanyika uani. Aliweka sikio ubavuni, akagonga kwa vidole, akamtazama ufizi. Kisha akaniuliza, "Jana alikula nini?"

"Majani. Na pumba kidogo jioni."

"Hakuna kingine? Mahindi, unga, mabaki ya chakula? Hakukata kamba akaingia ghalani kwa mtu?"

"Hapana, daktari."

"Fikiri vizuri. Dalili hizi ni za ng'ombe aliyekula nafaka nyingi kwa mara moja."

Nilijiona mbele ya majirani wangu naulizwa kama mtu asiyejua kufuga. Nikasema kwa sauti ambayo kila mtu pale aliisikia kwamba kwangu mimi ng'ombe hali kitu nisichokijua. Mke wangu akaunga mkono. Daktari akamtazama yeye, akanitazama mimi, hakubisha. Akafungua mkoba akatoa mpira mrefu.

Wakati huohuo mama wa dukani akaingia. Hakuja na kelele. Alisimama karibu na kinu, bado ana hina ya harusi mikononi, akamwambia mke wangu, "Nimesikia mimi ndiye niliyemtia jicho ng'ombe wenu. Nimekuja kumwona. Kama ni mimi, basi nimwombee dua mwenyewe."

Mke wangu aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeshika pembe, nikashukuru kwamba nina kazi ya mikono.

Daktari alipitisha mpira mdomoni, polepole, ukashuka mpaka tumboni. Akainamisha upande wa nje chini. Kwanza ulitoka upepo wenye harufu ya siki iliyowafanya watu warudi nyuma. Kisha yakaja maji ya kijivu, yakakwama, yakaja tena. Yalimwagika juu ya saruji na ndani yake kulikuwa na punje nyeupe zilizofura, nyingi, na vitu vyeusi vidogo. Daktari alichutama akaokota kimoja akakibonyeza.

"Huu ni wali," akasema. "Na hii ni zabibu."

Halafu mama wa dukani akasogea, akainama naye. Uso wake haukuwa na ubaya wowote, nakumbuka hivyo vizuri. Alikuwa mtu aliyeona kitu chake mahali asipokitegemea.

"Hiyo pilau yetu," akasema. "Lakini bibi alipokuja kuchukua alisema ni ya kuku."

Watu wote waligeuka kutazama mlango wa jikoni. Nami niligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nikamtazama mama mkwe wangu usoni. Hakuficha uso. Mikono yake ilikuwa imeachia kanga. Alikuwa mzee kuliko nilivyojua, na midomo ilikuwa ikimcheza. Nikageuza macho upesi, lakini nilikuwa nimeshaona.

Mambo yalitoka pale pale, kwa vipande, watu wakiulizana. Jana yake mchana, mimi nikiwa kibandani kwangu nachomelea geti na mke wangu akiwa ameenda kliniki na mtoto, mama mkwe alivuka barabara na beseni. Alipita kwa mlango wa nyuma, ule wa wapishi. Aliomba makombo. Alipewa kwa furaha, maana walikuwa wakitafuta pa kuyatupa, na akarudi tena na tena mpaka sufuria ikabaki ukoko, na huo ukoko nao akaukwangua. Yote hayo aliyamwaga horini.

Sijui kama naweza kueleza jinsi damu ilivyonipanda usoni. Mama mkwe wangu alikuwa ameonekana mlango wa nyuma wa harusi akiomba makombo, na anaishi nyumbani kwangu. Kila aliyekuwa pale angeweza kuelewa kwamba hashibi. Nilitamani kusema kwamba kwetu anakula, anakula vizuri, anapelekewa sahani yake kwanza kabla ya yangu. Mtu hawezi kusema kitu kama hicho mbele ya watu.

Daktari alitutoa kwenye fadhaa ile. "Ni nyingi mno, haitatoka yote kwa mpira," akasema. "Na akilala chini hatoinuka. Nitamfungua akiwa amesimama. Nani ana nguvu?"

Tulimfunga kwenye nguzo. Daktari alinyoa ubavu wa kushoto, akachoma sindano za ganzi kwa mstari, akangoja, kisha akakata. Sikuwa nimewahi kuona jambo kama lile. Alifungua ngozi, akafungua nyama, akalivuta tumbo lenyewe mpaka kwenye uwazi akalishikiza kwa nyuzi, akalipasua. Akaingiza mkono mpaka begani. Mimi nilishika ndoo. Alitoa pilau ya harusi kwa viganja, imechachuka, ina moto wa mwilini, na bado ulisikia harufu ya bizari na karafuu chini ya ile siki. Ndoo zikijaa nilikwenda kumwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba, na kuku wakaja mbio. Kwa hiyo mwishowe kuku waliila kweli.

Alipomaliza kusafisha kwa maji aliniita nitazame. Nilitazama ndani ya tumbo la ng'ombe wangu.

"Hapa ndani panatakiwa pawe kama zulia," akasema, "jeusi, zito, limeshika imara. Ona." Alipitisha vidole, vikatoka na utando mlaini uliobanduka, na chini yake nyama ilikuwa nyekundu kama kidonda cha moto. "Wali ukiingia mwingi kwa mkupuo unachacha humu. Unakuwa tindikali. Tindikali ikachoma kuta, zikavimba. Majani hayafanyi hivi."

"Atapona?"

"Tumbo litapona likipumzishwa. Mimba siwezi kukuahidi. Na mwangalie kwato, zinaweza kumuuma baadaye."

Alimshona, akamchoma dawa, kisha akaniagiza machinjioni. Tumbo lile, alisema, lilikuwa limekufa, halina vile vijidudu vizuri vya kusaga majani, na dawa yake ni maji ya tumbo la ng'ombe mwenzake mzima. Nilikwenda na dumu. Wachinjaji walinicheka kidogo, lakini walinikamulia kutoka kwa ng'ombe aliyechinjwa muda huohuo, tukachuja kwa kitambaa. Nilirudi na dumu la majimaji ya kijani yenye joto likinigonga goti kwenye baiskeli, na watu wa barabarani wakiziba pua.

Nilipofika uani kulikuwa kumetulia. Daktari alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akinywa maji. Tulimnywesha ng'ombe kwa mpira. Ndipo mke wangu akatoka ndani, macho yamevimba.

"Mama kaondoka," akasema.

"Kaenda wapi?"

"Kapanda gari la Maramba. Sikumwona. Kamwambia mtoto tu kwamba anakwenda kuangalia nyumba."

Kinu kilikuwa palepale. Alichukua furushi lake la nguo na mkeka.

Jioni ile mke wangu alivuka barabara. Nilimwona kutoka mlangoni, hakuingia dukani kwa mbele kama mteja, alizunguka nyuma. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi nilimuuliza imekuwaje, akasema mama wa dukani hakumwacha amalize kuomba radhi, alimpa chai na kumwambia kwamba angekuwa yeye naye angesema vilevile. "Afadhali angenitukana," mke wangu alisema. Kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa akienda kununua chumvi na sukari kule mbali sokoni, ili asiingie duka lile. Mama wa dukani aliliona hilo pia, na hakusema.

Ng'ombe alianza kucheua siku chache baadaye. Wiki iliyofuata akatoa mimba. Ndama alikuwa jike, ameshaota manyoya. Nilimzika mwenyewe asubuhi kabla watoto hawajaamka.

Nilichelewa kwenda Maramba. Nilisubiri kidonda kifunge, nikasubiri nimalize geti la mtu, nikasubiri mke wangu aseme twende. Hakusema. Alikuwa akimpigia mama yake simu, na mama yake alikuwa akijibu kwamba yuko salama kwa wifi yake. Mwishowe nilikwenda peke yangu, na huko njiani nilipanga maneno ya kumwambia. Ningemwambia hakuna aliyekasirika, na kwamba mtu yeyote angeweza kukosea hivyo. Ningemwambia arudi.

Wifi yake alinipokea barazani, akaniwekea kiti kikiwa kimeupa mlango mgongo, kama inavyostahili, akaenda ndani. Nikasikia pazia likivutwa, na kiti cha kamba kikilia. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, upande wa pili wa pazia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Watoto?"

"Hawajambo."

"Ng'ombe?"

"Anakula, mama. Kidonda kimefunga."

"Na mimba?"

Ningeweza kusema uongo. Alikuwa haoni uso wangu. "Imetoka," nikasema.

Nikasikia akivuta pumzi. Kuku walikuwa wakipekua chini ya baraza. Nikaanza maneno yangu niliyoyapanga, kwamba hakuna aliyekasirika, na sikufika mbali.

"Nilitaka nisaidie," akasema. "Nilisikia ulivyosema."

"Nilisema nini, mama?"

"Ulikuwa bandani na mwenzio. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko nachambua mchicha. Ulisema, kula anakula, kurudisha harudishi. Ukasema, sijui tutamvumilia mpaka lini."

Nilikaa na maneno hayo nikiyatafuta. Kisha nikayakumbuka. Nilikuwa nimetoka kukata majani juani, mikono imechanika, mke wangu ananionyesha kikombe cha maziwa kisichojaa. Nilikuwa nimemshika ng'ombe shingoni. Niliyasema kama mtu anavyosema juu ya mnyama wake akichoka. Lakini Kiswahili chetu hakitenganishi. Anakula ni ng'ombe na anakula ni mtu. Aliyekuwa nyuma ya ukuta, aliyekuwa anakula sahani ya mkwe wake kila siku na kuhesabu kila tonge, alisikia alichokuwa akikiogopa tangu siku aliyofika.

Kwa hiyo alichukua beseni. Alifikiri kwamba akimshibisha ng'ombe maziwa yatarudi, na maziwa yakirudi atakuwa amerudisha kitu. Alijua ng'ombe hawapewi wali mwingi, aliniambia hilo mwenyewe, lakini alisema alishawahi kuwapa ukoko nyumbani kwake na hawakudhurika, na kila beseni alilolimwaga ng'ombe alilimaliza akataka jingine, akaona haya kumnyima. Halafu asubuhi daktari alipouliza, alishindwa kusema neno makombo mbele yangu.

"Mama," nikasema. "Wallahi nilikuwa namsema ng'ombe."

Nilisubiri. Niliwaza kwamba sasa atacheka, au atashukuru, na jambo litakwisha, tutaondoka wote na gari la mchana.

"Ng'ombe niliyekupa mimi," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayerekebisha tu habari ili ikae sawa. Nilibaki nimetazama ua wa watu, uso umeniwaka mpaka masikioni, kwa sababu alilosema lilikuwa kweli. Kama nilimsema yeye, ilikuwa aibu. Kama nilimsema ng'ombe, nilikuwa nimetukana zawadi yake akiwa anaisikia, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaacha watu waamini kwamba ng'ombe nimempata kwa jasho langu. Sikuwa nimewahi kumshukuru. Kumshukuru kungekuwa kukiri.

Nikamshukuru pale, nikiwa nimempa mgongo. Nilisema asante kwa ng'ombe, miaka baada ya kupewa. Alijibu, "Haya baba," na wifi yake akaleta chai, na mambo ya maana yakawa yameisha.

Hakurudi nami. Alisema kwamba anataka ukuta wake. Nikaenda na fundi mwashi tukausimamisha, tukapiga lipu, na mimi nikatengeneza nondo za madirisha na mlango wa chuma ambao haukuhitajika sana. Nilikuwa nakwenda siku za mapumziko. Yeye alikuwa akikaa kwa wifi yake mpaka niondoke, ndipo anakuja kutazama kazi. Alituma neno kwamba mlango ni mzuri ila ni mzito kwake, nikaenda nikaupunguza.

Sasa anaishi humo. Sijui kama aliniamini juu ya yale maneno. Mke wangu anasema aliniamini. Lakini mke wangu ana sababu ya kutaka iwe hivyo, na sijathubutu kuuliza tena.

Ng'ombe bado tunaye. Ana kovu refu ubavuni kushoto ambapo manyoya yaliota meupe, na kwato za mbele zinamsumbua, akitembea kwenye saruji anakanyaga kwa woga kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Alipata mimba nyingine, akazaa salama. Maziwa hayakurudi kuwa kama zamani. Watu wakimsifu siku hizi nawaambia ametoka Maramba kwa mama mkwe wangu, na wengine hunitazama kwa mshangao, wengine hucheka kidogo, nami navumilia. Mama wa dukani akivuka kuja kwetu hutanguliza mashaallah kabla hajaukaribia hata mlango wa banda, na mke wangu huitikia upesi upesi huku akitafuta kitu cha kufanya kwa mikono.

Jumamosi mke wangu hupiga simu Maramba. Mama yake huuliza habari za watoto, mmoja mmoja, kisha za mvua, kisha kama mimi nina kazi. Ng'ombe hamwulizii. Mke wangu naye hamtaji, na mimi nikiwa karibu hutoka nje mpaka wamalize.